Limau, Majivu na Magadi: Usafi wa Nyumba Usiomaliza Mshahara

Katika soko la Machakos, msimu wa malimau unapoingia, huonekana jambo ambalo halimshangazi tena mtu aliyelizoea. Mama aliyeteremka kutoka vilima vya Mua au pande za Matungulu hutua kapu lake la malimau, akaketi kutwa nzima akiyauza kwa bei ya kutupa, kwa kuwa jirani yake wa kulia na wa kushoto nao wameleta malimau. Ifikapo jioni hana nguvu ya kuyarudisha mlimani yaliyobaki, basi huyaacha chini yakanyagwe. Kisha huingia dukani kununua mahitaji ya nyumba, na miongoni mwa mahitaji hayo ni chupa ya dawa ya kuoshea vyombo, ambayo juu yake imechorwa limau zuri la manjano lililokatwa nusu. Si ajabu chupa hiyo moja ikamgharimu zaidi ya alichopata kwa nusu ya kapu lake.

Karani wa mjini naye hana la kumcheka mama huyo. Mwisho wa mwezi yeye na mkewe husimama mbele ya rafu za duka, nao huonyeshwa dawa ya vyombo, dawa ya vioo, dawa ya sakafu, dawa ya sinki, na mwenye duka, mtu mwema asiyependa mteja asahau kitu, huuliza kwa upole, "Nikufungie na ile ya choo, mama?" Kila chupa ina rangi yake na harufu yake, na kila moja hudai kwamba nyingine haiwezi kazi yake. Ikadiriwe kwamba nyumba moja hutoa shilingi 60 kila juma kwa ajili ya chupa hizo, mbali na sabuni. Kwa mwaka mmoja zitakuwa shilingi 3,120. Mzazi ambaye mtoto wake amewahi kurudishwa nyumbani kwa kukosa sare au madaftari hahitaji kuelezwa uzito wa hesabu hiyo.

Lakini kabla ya kwenda mbele yafaa jambo moja lisemwe wazi, ili msomaji asipotezwe. Sabuni si anasa. Mche wa sabuni unaokatwa vipande dukani bado ni kitu cha bei nafuu kwa kazi kinayoifanya, wala hakuna kitu jikoni kinachoweza kushika mahali pake katika kunawa mikono au kufua nguo za mtoto. Tena, mtu akisikia kwamba siki na soda ya kuokea keki husafisha nyumba, kisha akapanda gari mpaka duka kubwa akanunua siki ya kigeni na mkebe wa soda, huyo hakuweka akiba yoyote. Amebadilisha chupa tu. Akiba hupatikana kwa kutumia kile kilichomo nyumbani tayari, au kile ambacho kingetupwa: limau lililokamuliwa, majivu ya mekoni, chumvi, gunzi la mahindi, na magadi yale yanayowekwa kwa ajili ya kulainisha maharagwe na pojo.

UCHACHU NA MAGADI

Uchafu wa nyumbani, ijapokuwa una majina mengi, kwa sehemu kubwa ni wa namna mbili, na kila namna ina adui yake.

Namna ya kwanza ni uchafu wa mawe na kutu. Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Ukambani yana chumvichumvi ya ardhini, na yanapochemshwa, chokaa iliyoyeyuka ndani yake hujitenga na kushika kwenye birika, ikawa gamba jeupe lililo gumu kama jiwe. Gamba hilo halijali sabuni hata kidogo. Adui yake ni uchachu: limau, ndimu, ukwaju au siki. Maji ya limau yana uchachu wa kadiri ya asilimia 5 au 6, nao huila chokaa hiyo na kuigeuza kuwa povu na maji.

Namna ya pili ni uchafu wa mafuta, pamoja na masizi yaliyoshikana na mafuta, na rangi ya chai iliyoganda ndani ya vikombe. Huu nao haujali limau. Adui yake ni magadi, au maji ya majivu, ambayo kwa asili ni ndugu wa magadi. Vitu hivi hushika mafuta, vikayageuza kuwa kitu kinachokaribiana na sabuni, nayo maji yakayachukua.

Anayeyajua mambo haya mawili hana haja ya kukariri mapishi mengi ya dawa. Akiona uchafu, kwanza ajiulize kama ni jiwe au ni mafuta, ndipo anyooshe mkono wake kwenye limau au kwenye magadi.

Kuna watu wengi, hata wenye elimu, wanaofikiri kwamba kama limau ni zuri na magadi ni mazuri, basi vyote viwili pamoja vitakuwa vizuri zaidi. Huvimimina pamoja, vikafoka povu kwa kelele, nao hufurahi wakidhani kwamba dawa imepata nguvu. Kumbe povu lile ndilo nguvu yenyewe inayopaa hewani. Uchachu na magadi vikikutana huuana, na baada ya dakika chache kinachobaki katika bakuli ni maji yenye chumvi kidogo, ambayo hayana uchachu wa kula chokaa wala ukali wa kushika mafuta. Mwenye kufanya hivyo amemwaga vitu viwili vizuri kwa wakati mmoja. Avitumie vyote akipenda, lakini kimoja baada ya kingine, na maji safi katikati.

BIRIKA NA SUFURIA

Birika lililoota gamba hutengenezwa hivi. Yakamuliwe malimau matatu au manne, maji yake yatiwe birikani pamoja na maji ya kawaida kiasi cha kufunika gamba, kisha yachemshwe na kuachwa yapoe kwa muda wa saa moja. Gamba jembamba litatoka lenyewe. Lile nene litahitaji kurudiwa. Birika likisuuzwa mara mbili halitaacha ladha katika chai. Tena birika lisilo na gamba huchemka upesi zaidi, kwa sababu moto hauna jiwe la kupasha kabla ya kufikia maji, na mwenye kununua makaa au gesi atauona upungufu huo mfukoni.

Sufuria nyingi za nyumbani ni za alumini, na hapa ndipo watu huharibu vyombo vyao kwa bidii nyingi. Alumini haipatani na magadi. Sufuria ya alumini ikilowekwa katika maji ya magadi au ya majivu makali, magadi huanza kuila. Huwa nyeusi ndani, na ikirudiwa mara nyingi huwa nyembamba. Mama huiona nyeusi, akazidisha magadi, nayo ikazidi kuwa nyeusi. Dawa yake ni kinyume cha hayo. Maganda ya malimau yaliyokwisha kukamuliwa, ambayo kwa kawaida hutupiwa mbuzi, yachemshwe ndani ya sufuria hiyo kwa dakika kumi pamoja na maji, na weusi utaondoka. Lakini uchachu usilazwe humo usiku kucha, kwa kuwa nao ukikaa sana huila alumini.

Sufuria ya chuma kisichoshika kutu iliyounguza uji ni habari nyingine. Hiyo itiwe maji na kijiko cha magadi, ichemke kidogo, iachwe mpaka asubuhi, na ukoko utang'oka kwa mwiko. Chupa ya chai iliyogeuka rangi ya kahawia ndani itiwe maji ya moto na kijiko cha magadi vivyo hivyo, ilale hivyo usiku mmoja, kisha isuuzwe vizuri. Vikombe vya udongo vyenye alama za chai husuguliwa kwa chumvi na kitambaa kibichi.

Masizi ya nje, yanayotoka mekoni kwenye mafiga, hayahitaji dawa ya kununua kabisa. Majivu yaliyochekechwa, maji kidogo na gunzi kavu la mahindi vilikuwa vikifanya kazi hiyo kandokando ya mito ya Ukambani kabla ya mkebe wa kwanza wa unga wa Vim kufika, na bado vyaweza kuifanya. Ni vizuri kuyachekecha majivu kwanza, kwa kuwa mchanga na vipande vya makaa hukwaruza chombo, na katika mikwaruzo hiyo ndimo uchafu wa kesho unamojificha. Mahali pa gunzi panaweza kuchukuliwa na nyuzi za mkonge uliopondwa na kukaushwa. Mikonge imepandwa kwenye mipaka na kingo za matuta katika mashamba mengi ya Machakos, na wanawake wanaosuka vyondo wanajua namna ya kutoa nyuzi zake. Kichwa kimoja cha nyuzi hizo kilichofungwa vizuri hudumu muda mrefu.

MAGADI YANATOKA WAPI

Pengine si watu wengi wanaonunua kifungu cha magadi sokoni ambao hukumbuka kwamba kitu hicho hakitoki mbali. Ziwa Magadi liko katika Kaunti ya Kajiado. Kampuni ya kuchimba magadi hayo iliundwa mwaka 1911, na ili kuyatoa ziwani tawi la reli lilijengwa kutoka Konza, katika nchi ya Wakamba, likateremka mpaka Magadi. Tangu siku hizo magadi yaliyosafishwa kwa moto yamekuwa yakipelekwa Mombasa na kupakiwa melini kwenda nchi za nje, na viwanda vya vioo na vya sabuni ya unga ni miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Kwa hiyo yule anayetia kijiko cha magadi katika maji ya kufulia hafanyi jambo la kishamba. Anafanya kitu kilekile kinachofanywa na mwenye kiwanda, isipokuwa hakulipia pakiti yenye picha.

Na faida ya magadi katika kufua ni kubwa hasa katika nchi ya ukame. Maji ya kisima yenye chokaa huikamata sabuni na kuigeuza kuwa utando wa kijivu unaoelea juu. Povu halitoki, mfuaji akaongeza kipande kingine cha sabuni, na nguo zikatoka na ugumu. Kijiko kimoja cha magadi yaliyosagwa katika ndoo ya maji, kikorogwe na kuachwa nusu saa, huikamata chokaa hiyo kabla sabuni haijatiwa. Baada ya hapo sabuni kidogo hutoa povu la kutosha. Nguo za pamba huvumilia jambo hilo vizuri. Nguo za sufu na hariri hazivumilii, na mikono nayo hukauka, hivyo yafaa ipakwe mafuta baada ya kazi.

Mahali ambapo magadi hayapatikani, maji ya majivu yatafaa. Ndoo kuukuu itobolewe matundu madogo chini, iwekwe nyasi kavu, ijazwe majivu ya kuni, kisha maji yamwagiwe juu kidogo kidogo. Yanayodondoka chini yana rangi ya chai nyepesi na huteleza vidoleni. Majivu ya magunzi ya mahindi na ya maganda ya ndizi yana ukali mwingi. Majivu ya mahali palipochomwa mifuko ya plastiki au mbao zilizopakwa rangi yasitumiwe kwa kazi yoyote ya nyumbani.

Kuhusu kula magadi, neno moja latosha: magadi ya ziwa hili yana madini ya floraidi kwa wingi, na floraidi ikizidi hutia meno ya watoto madoa ya kahawia. Katika ndoo ya kufulia hayana neno. Katika chungu cha maharagwe yatiwe kwa uchache, au yaachwe kabisa.

JAMBO LA KUTISHA

Sasa ni lazima kusema habari ya chupa moja ya dukani ambayo haina mbadala jikoni, nayo ni dawa ya klorini ya kutakasa nguo nyeupe na kuulia vijidudu, ambayo wengi huijua kwa jina la JIK. Dawa hii ni nzuri. Nyumba yenye mgonjwa wa kuhara au kipindupindu inaihitaji, na mtu asidanganywe kwamba limau au siki vitaulia vijidudu vya ugonjwa kama inavyofanya hiyo. Hata majivu, ambayo yalitajwa sana katika mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa korona, wataalamu waliokusanya uchunguzi wote uliokuwapo kuhusu kunawa mikono kwa majivu waliona kwamba ushahidi wake hautoshi kutegemewa. Majivu ni bora kuliko kutokunawa, lakini hayalingani na sabuni.

Hatari ya dawa ya klorini iko katika kuichanganya. Ikikutana na limau, siki au dawa nyingine yoyote yenye uchachu, hutoa hewa ya klorini, yenye harufu kali inayoshika koo na kuwasha macho. Hewa hiyo ndiyo iliyofunguliwa na majeshi ya Ujerumani juu ya askari wa Ufaransa karibu na mji wa Ypres, katika Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, nao wakafa wengi katika mahandaki yao. Mama anayesugua choo kidogo kisicho na dirisha, akamimina dawa ya klorini juu ya siki aliyoitia mapema ili kuondoa gamba, anaitengeneza hewa ileile, ingawa kwa kiasi kidogo. Pia isichanganywe na dawa zenye amonia, wala isimwagwe juu ya mkojo uliosimama. Dawa ya klorini hutumiwa peke yake pamoja na maji baridi, mlango ukiwa wazi. Mtu akisikia koo linakaba, aache kila kitu, atoke nje mahali penye hewa.

Jambo jingine linahusu chupa zenyewe. Akiba ya nyumba hufanya watu watunze chupa tupu, na hiyo ni tabia njema, lakini imeleta msiba katika nyumba nyingi. Mafuta ya taa hutiwa katika chupa ya soda, dawa ya klorini katika chupa ya maji ya kunywa, maji ya majivu katika kopo la mafuta ya kupikia. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, na hata angejua, chupa hiyo imeandikwa soda. Kitu chochote cha kusafishia kisiwekwe katika chombo ambacho mtoto amewahi kukiona kikinywewa, hata kwa siku moja. Mtoto akinywa mafuta ya taa asitapishwe, kwa maana yakipanda hupitia mapafuni; apelekwe hospitali upesi, na chupa ichukuliwe pamoja naye.

SABUNI YA KIKUNDI

Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, wanawake wa vijijini walifundishwa katika vikundi vyao mapishi, ushonaji, malezi ya watoto na usafi wa nyumba, na baadhi ya viongozi wao walipata mafunzo katika Jeanes School, Kabete. Lakini katika Ukambani desturi ya kufanya kazi kwa pamoja, yaani mwethya, ilikuwako kabla ya chama chochote. Kutengeneza sabuni ni kazi inayofaa kufanywa kwa mwethya, kwa sababu mizani moja, ndoo moja na mtu mmoja mwangalifu huweza kuzihudumia nyumba kumi.

Machakos ni nchi ya ng'ombe na mbuzi, na huko Athi River ndiko kilipo kiwanda cha Kenya Meat Commission, iliyoundwa mwaka 1950. Mahali panapochinjwa, pana mafuta magumu ambayo wanunuzi wa nyama hawayataki. Yapatikane kwa bei ndogo, yakatwe vipande, yachemshwe katika maji yenye chumvi, yachujwe, na yakipoa mafuta safi hukaa juu kama mkate mweupe. Kwa kilo 1 ya mafuta hayo ya ng'ombe zinatakiwa gramu 130 za kostiki na gramu 350 za maji. Vipimo hivi ni kwa mizani, si kwa kikombe, tena ni vya mafuta ya ng'ombe. Mafuta ya nazi au ya alizeti yana vipimo vyake.

Kostiki si magadi. Ni kali mara nyingi zaidi, huchoma ngozi na kupofusha jicho. Atakayeishika avae glovu za mpira na miwani, na watoto waondolewe kabisa mahali hapo. Kostiki hutiwa katika maji, kidogo kidogo. Maji hayatiwi juu ya kostiki kamwe, kwa sababu hufoka na kumrukia mtu usoni. Chombo kiwe cha plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Alumini hairuhusiwi hata kidogo. Maji hayo yatapata moto yenyewe. Yaachwe mpaka yawe vuguvugu, kisha yatiwe taratibu katika mafuta yaliyoyeyushwa, nayo yawe vuguvugu, huku yakikorogwe na mwiko wa mti mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji wa mtama. Umiminwe katika sanduku lililotandikwa nailoni, ufunikwe kwa gunia. Kesho yake, au siku ya pili, hukatwa vipande. Hapo kosa la kawaida ni haraka: sabuni hiyo bado ni kali, nayo ikae mahali pakavu penye upepo kwa majuma manne kabla ya kutumiwa. Kostiki ikimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa robo saa au zaidi, kisha apelekwe hospitali, asipakwe limau.

Je, ni rahisi kuliko ya dukani? Jibu la haki ni kwamba inategemea mafuta. Kikundi kinachopata mafuta ya buchani kwa bei ndogo kitaona faida. Kikundi kinachonunua mafuta ya kupikia kwa bei ya rejareja ili kuyageuza kuwa sabuni kitapata sabuni ghali kuliko ya mche, na wanachama watafanya vema kuacha.

MAMBO MENGINE MADOGO

Sakafu ya saruji au ya terazo isioshwe kwa limau wala siki, kwa kuwa saruji ina chokaa, na kile kinacholitoa gamba birikani kitaitoboa na sakafu. Maji ya moto na sabuni kidogo yanatosha. Damu katika nguo ilowekwe katika maji baridi yenye chumvi. Maji ya moto huigandisha. Alama ya kutu kwenye shati jeupe hupakwa limau na chumvi, ikaanikwa juani, kisha ikasuuzwa. Kwa wino wa kalamu ya karani, limau halisaidii; pamba yenye spiriti ndiyo inayoutoa, nayo itumiwe mbali na moto.

Choo cha shimo hakihitaji dawa yenye harufu ya maua. Kopo la majivu makavu likimwagwa humo kila siku, harufu hupungua na nzi hupungua.

Vibuyu vya maziwa na vya uji vioshwe kwa maji ya moto, visuguliwe ndani kwa changarawe safi na maji, vikaushwe juani vikiwa wazi. Lakini chakula kilichoharibika ni habari tofauti na chombo kilichochafuka. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, na 125 kati yao wakafa. Mahindi ya namna hiyo yakioshwa huonekana safi, na sumu haiishi ndani yake. Yasioshwe kwa magadi, wala kwa majivu, wala kwa limau, ili yaliwe. Yatupwe mahali ambapo hata kuku hawatayafikia. Ni hasara chungu kwa mkulima mwenye gunia moja lililobaki, tena hakuna akiba yoyote katika ukurasa huu inayoweza kuirudisha.

Mwisho ni vioo vya madirisha na vya taa ya kandili. Kijiko cha siki, au maji ya limau yaliyochujwa, katika nusu lita ya maji, kisha kioo kikaushwe kwa gazeti kuukuu lililokunjwakunjwa. Karatasi ya gazeti haiachi manyoya kama kitambaa. Ni heri kwanza kuuliza nyumbani kama kila mtu amekwisha kulisoma.